Binti kachaguliwa vyuo binafsi vitatu vya sheria. Athibitishe kipi?

Mama Vitenge

Habari za jioni ndugu zangu. Mimi nauza vitenge Kariakoo, mtaa wa Kongo, nyumbani ni Tabata. Elimu yangu ni kidato cha nne cha zamani, kwa hiyo nikikosea jina la kitu mnisahihishe taratibu.

Binti yangu kamaliza kidato cha sita mwaka huu, HGL, kapata divisheni two ya pointi 10. History C, Geography D, English C. Anataka sheria. Tangu yuko darasa la tano anataka sheria, hilo sibishani naye. Awamu ya kwanza aliomba vyuo vya umma, Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) na Mzumbe, akakosa kote. Awamu ya pili akaomba vyuo binafsi vitatu, na vyote vitatu vimemchagua siku moja. Kimoja kipo hapahapa Dar, kimoja Mwanza, kimoja Iringa. Sasa anatakiwa athibitishe kimoja tu na zimebaki siku sita.

Nilifurahi kama dakika kumi. Jirani yangu wa fremu ya pili, ambaye mwanawe yuko Mlimani (na hatuachi kuambiwa), aliposikia vyote vitatu vimemkubali akacheka. Akasema, "Chuo kinachochukua kila mtu si chuo, hiyo ni stendi." Neno lile halijanitoka mpaka leo.

Mimi kwenye biashara yangu, mteja mgeni akishika kitenge anasoma kwanza maandishi ya pindoni. Yale maandishi yeyote mwenye mashine anaweza kuyachapa. Mimi nageuza kitambaa nyuma. Rangi ikiwa imezama pande zote mbili sawasawa, nachukua mzigo. Nyuma kukiwa kumepauka narudisha, hata pindoni kungeandikwa kwa dhahabu. Sasa chuo kinageuzwaje nyuma? Hapo ndipo nilipokwama.

Nimejaribu. Nilipiga namba iliyo kwenye barua ya chuo kimoja, nikauliza watoto wao wa sheria wakimaliza wanakwenda wapi. Dada aliyepokea akanijibu, "Mama, chuo chetu kina mazingira tulivu sana ya kujisomea." Nikauliza tena. Akanitajia uwanja wa basketi.

Ada haiwezi kuniamulia, vyuo vyote vitatu vinapishana kama laki tatu tu. Kila barua ina ile 20,000 ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) na bima ya 50,400, hayo nimeshayazoea. Mkopo ameomba, majibu bado. Ninachotaka kujua ni hiki: chuo kigumu kuingia ndicho chuo kizuri? Na hivi vya binafsi, mtu anajuaje chenye jina la kweli na chenye jina la matangazo?

Mlimani Damu

Mama pole, nitasema ukweli ambao wengine watauzungusha. Kama ni sheria, ni Mlimani. Sheria ndiyo kozi iliyoanza kabla ya zote, 1961, chuo kikiwa bado kwenye jengo la TANU pale Lumumba. Majaji na mawakili wakubwa wa nchi hii wengi ukiwauliza watakwambia walipita pale. Jina la miaka 60 halijengwi na mabango ya barabarani. Akae nyumbani mwaka mmoja, arudie mitihani, aombe tena. Binafsi ni vyuo vya waliokosa.

Mama Vitenge

Asante mwanangu. Ila mwaka mmoja wa kukaa nyumbani naujua, nina mtoto wa dada yangu alikaa "mwaka mmoja", sasa ana watoto wawili.

Niliwahi Kukaa Udahili

Mama, nimefanya kazi ofisi ya udahili ya chuo binafsi kwa miaka minne. Sitakitaja, bado nakula harusi zao. Ngoja nikufungulie mlango wa jikoni.

Kwanza binti hakuokotwa. Sakafu inawekwa na TCU, si chuo. Mwombaji wa kidato cha sita anatakiwa awe na principal (somo lililofauliwa kwa A hadi E) mbili zenye jumla ya pointi 4 kwenye masomo yanayohusika na kozi. Pointi hizi si zile za divisheni, hapa A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. C zake mbili peke yake zinampa 6. Amepita juu ya sakafu, na chuo chochote chenye nafasi hakina sababu ya kumkataa. Mlimani hakumkataa kwa sababu hafai. Kulikuwa na nafasi kadhaa na mbele yake kulikuwa na watu wenye B na A wa kuzijaza. Foleni ndefu ya daladala Mbagala inakuambia watu wengi wanakwenda Mbagala. Haikuambii kama dereva anajua kuendesha.

Sasa hizi namba za waombaji. Tangu 2010 hadi 2016 maombi yalipitia mfumo mmoja wa TCU. Kuanzia 2017 mwombaji anaomba chuoni moja kwa moja, na hapo ndipo mchezo ulipobadilika. Kila msimu bosi wetu alitaka tangazo liseme tumepata "maelfu ya waombaji". Na kweli walikuwa maelfu! Ila mtoto huyohuyo aliyelipa elfu kumi ya fomu kwetu, alikuwa ameilipa pia kwa majirani zetu, Dodoma, na Arusha. Mwaka mmoja tulichagua watu karibu mia tatu kwenye sheria. Dirisha la kuthibitisha likawa linafungwa Ijumaa, na hadi Jumatano walikuwa hawajafika mia. Nikapewa simu ya ofisi, vocha na orodha. "Hongera sana, umechaguliwa, umeshathibitisha?" Kuna waliokuwa hawakumbuki kabisa kama waliomba kwetu. Kijana mmoja aliniuliza, "Samahani kaka, hicho chuo kipo wilaya gani?"

Kwa hiyo mtu akikwambia chuo chao kina ushindani, muulize waliothibitisha na wakafika wiki ya kwanza ni wangapi kati ya waliochaguliwa. Wakikujibu bila kuzunguka, hilo peke yake ni jambo kubwa.

Kitu cha pili, pakua kitabu cha mwongozo cha TCU cha mwaka huu, kile cha waliomaliza kidato cha sita. Usiangalie jina la chuo, nenda kwenye mstari wa kozi yenyewe. Utaona sifa, alama za chini, idadi ya nafasi na miaka ya kusoma. Chuo kilichojiwekea alama juu ya sakafu ya TCU kinakuambia kinathubutu kukataa watu. Na kama kozi haimo kwenye kitabu, usiende hata kama wana ukumbi wa marumaru. Mnakumbuka 2017: TCU ilizuia vyuo 19 kuchukua mwaka wa kwanza, na programu 75 kwenye vyuo vingine 22. Watoto walikuwa na mabegi mkononi.

Mjomba wa Upanga

Huyo jirani yako wa fremu ya pili ningempeleka Marekani akapate kizunguzungu. Kule mambo yamegeuka juu chini. Vyuo vinavyotetemesha watu ndivyo vya binafsi: Harvard, Yale, Princeton, Stanford. Harvard kipo tangu 1636, na kati ya kila waombaji 100 hakiingizi hata 5.

Nasema haya kwa sababu mpwa wangu aliomba huko, tukakesha naye usiku kwa usiku sebuleni. Kuna fomu moja ya pamoja, unaijaza mara moja halafu unaisambaza mpaka vyuo 20. Ndiyo maana namba za waombaji zimevimba, na chuo kikikataa watu wengi kinaonekana kitamu zaidi, kwa hiyo mwaka unaofuata wanaomba wengi zaidi. Kuna vyuo vinamtumia mtoto barua za kumbembeleza aombe, akiomba wanamkataa. Huyu wetu alipokea barua nzuri mpaka mama yake akaiweka kwenye fremu. Wakamkataa Machi.

Aliomba vyuo kumi, viwili vikamchukua. Kati ya hivyo viwili, kile ambacho sisi hatukuwahi kukisikia ndicho kilichompa msaada wa ada karibu yote. Ndiko aliko. Darasa lake la fizikia lina watu kumi na wanne. Jina la chuo hata mimi hulikosea nikiulizwa kanisani.

Sisemi vyuo vyetu ni kama vya kule, ada za kule ungeuza mtaa wa Kongo wote. Nasema tu kwamba binafsi na umma havikuambii kipi bora. Kwetu vya binafsi vimeruhusiwa miaka ya 1990, ni vijana. Mlimani ina wazee wake waliokaa ofisi kubwa, hiyo ndiyo sifa yenyewe mnayoigombania.

Dokta Mtarajiwa

Naongezea kidogo. Mimi nasoma udaktari chuo binafsi, mwaka wa nne. Hiyo habari ya "binafsi ni waliokosa" waambie watu wa PCB. Kairuki pale Mikocheni, Bugando Mwanza, KCMC Moshi, vyote ni binafsi, na watu wanagombania nafasi kama maji ya mgao. Udaktari TCU inataka principal zote tatu za Fizikia, Kemia na Biolojia, jumla isipungue 6. Kwetu waliokuja na hiyo 6 kavu sijawaona. Kwa hiyo hata ndani ya chuo kimoja, udaktari unaweza kuwa mgumu kuingia kama Mlimani na kozi nyingine ikawa inatafuta watu kwa tochi. Ulizeni kozi, msiulize chuo.

Wakili Kivuli

Shikamoo mama. Ulivyouliza habari ya kugeuza kitambaa nyuma nimeacha kazi nikujibu, maana kwa sheria upande wa nyuma upo na una anwani: Barabara ya Sam Nujoma. Shule ya Sheria kwa Vitendo (Law School of Tanzania).

Mtu akimaliza digrii ya sheria, iwe ya Mlimani, iwe ya binafsi, hajawa wakili. Lazima apite pale. Ilianzishwa kwa sheria ya 2007, ikachukua wanafunzi wa kwanza 2008. Mle ndani mnakaa benchi moja wote, mtihani mmoja, msahihishaji hajui umetoka wapi. Mwaka 2022 matokeo yalitikisa nchi nzima: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Watu 342 wakapewa sapu (kurudia mitihani waliyofeli), 265 wakadisko (wakaondolewa). Serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Wengine waliilaumu shule, wengine wakavilaumu vyuo vilivyowapeleka. Mimi nalaumu pande zote mbili, ila hiyo ni mada nyingine.

Nilisoma chuo binafsi ambacho nacho sikitaji. Nikueleze pande zake mbili. Tulikuwa wengi kwenye ukumbi mmoja, spika ikikoroma kama gari la mchanga. Somo la mikataba tulifundishwa na mwalimu wa kuzunguka, anafundisha vyuo vitatu, anakuja kwetu Ijumaa jioni amechoka. Siku moja akatugawia swali la kazi ya nyumbani, juu kabisa kuna nembo ya chuo kingine. Hakuna aliyesema kitu. Tulikata tu ile nembo kwa mkasi kabla ya kutoa kopi. Muhula mzima tuliishi kwa madesa (notisi za kurithishana) ya waliotutangulia, na madesa yenyewe yalikuwa na sheria iliyokwisha kufutwa.

Upande wa pili ni mwalimu mmoja, mama wa makamo, mwajiriwa wa kudumu pale, alitufundisha mwenendo wa kesi za madai. Kila Alhamisi tunaandika kwa mkono hati ya madai au kiapo. Kila Jumatatu anarudisha. Yangu ya kwanza ilikuwa kurasa nne, akachora mstari mwekundu kuanzia juu mpaka chini, pembeni akaandika, "Unamwomba jaji akupe nini?" Basi. Niliirudia mara tano. Nilipofika Sam Nujoma, wiki za mwanzo tu tukaambiwa tuandike hati ya madai. Rafiki yangu aliyetoka chuo chenye jina kubwa kuliko vyote alikuwa anajua nadharia za sheria kunizidi mara mia, akikaa kubishana unamwachia kiti, lakini hati hakuwahi kuiandika hata moja. Tukabadilishana. Mimi nikamfundisha hati, yeye akanifundisha kufikiri. Wote tulipita, mimi kwa sapu moja.

Kwa hiyo mama, usiulize "chuo chenu ni kizuri?" Uliza walimu wa kudumu wa sheria wapo wangapi na wanaokuja kwa wiki mara moja ni wangapi. Uliza waliomaliza mwaka juzi wangapi wamekwenda Shule ya Sheria na wangapi wametoka na cheti. Wakisema hawana takwimu hizo, jua hawajawahi kujali. Na usimuulize ofisa wa mapokezi, mtafute mwanafunzi wa mwaka wa mwisho nje ya geti, mnunulie soda, muulize matokeo ya muhula uliopita yalitoka lini.

Kwa majina, ukiacha vya umma, wanasheria wengi watakutajia Tumaini ya pale Mwenge (TUDARCo ya zamani), SAUT ya Mwanza, Iringa, Ruaha, na Makumira kule Usa River. Nimefanya kazi na watu wazuri na wabovu kutoka vyote hivyo. Na kutoka Mlimani pia, bwana Damu usinune.

Ah, na Kiingereza. Samahani kwa kuingilia familia, lakini C ya English ni mtaji mzuri kwa sheria kuliko anavyojua. Aanze leo kusoma hukumu kwenye TanzLII, ni bure, za Mahakama ya Rufani ziko tele. Moja kwa siku. Asipoelewa aendelee tu.

Mama Vitenge

Marahaba mwanangu. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, binti akiwa amekaa kwenye robota. Hapo kwenye mstari mwekundu akacheka, kisha akanyamaza.

Nina swali dogo. Hao walimu wa kuzunguka wako kila mahali au ni vyuo vya binafsi tu?

Wakili Kivuli

Wapo mpaka vyuo vya umma, mama. Tofauti ni wingi. Kikiwa na watatu kati ya kumi na watano ni kawaida, hata faida, maana wakili anayetoka mahakamani asubuhi ana mengi ya kufundisha. Wakiwa ndio wengi, mtoto akipata shida Jumanne hana wa kumfuata.

Mpanga Mafaili

Mnampamba sana huyu mama. Mimi nipo upande wa kuajiri, kampuni ya watu wa kawaida tu, ofisi ipo Posta. Nafasi moja ya ofisa sheria tulipokea bahasha na barua pepe zisizohesabika. Nilikuwa na siku moja kuzipunguza zibaki ishirini. Unafikiri nilisoma zote? Jina la chuo nililitumia, sitadanganya. Nililijua la Mlimani na la Mzumbe, nikaweka kulia. Vyuo nisivyovijua nikaweka kushoto, wengine wakiwa na GPA kubwa kuliko wa kulia. Si haki. Ndivyo ilivyo saa kumi jioni.

Ila mambo mawili. Aliyekuwa ameshasajiliwa uwakili sikumwangalia chuo kabisa, alikwenda kulia moja kwa moja. Na aliyekuwa na barua ya mahali alipofanya mazoezi, iliyoandikwa na mtu anayemkumbuka kweli, naye nilimhamisha. Serikalini ni tofauti kidogo, unaomba kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, unaitwa kwenye usaili wa kuandika, ukipita wa kuandika ndiyo wa mdomo. Pale jina la chuo halikushikii kalamu.

Halafu kuna wanaopenda kuleta hapa ile orodha ya Webometrics ya kupanga vyuo vikuu. Ile kazi yake kubwa ni kupima chuo kinavyoonekana mtandaoni. Isikusumbue, mama.

Mlimani Damu

Sijanuna. Ila Mpanga Mafaili amenisaidia kusema nilichosema, tofauti yeye kaweka adabu.

Niliwahi Kukaa Udahili

Na mimi nimkumbushe mama jambo la mkopo kabla sijasahau. Bodi ya Mikopo haimnyimi mtu kwa kuwa yuko binafsi. Inaangalia uhitaji, na kozi za kipaumbele kama udaktari, uhandisi na ualimu wa sayansi zina unafuu zaidi. Sheria haimo kwenye hizo za mbele. Akipata, usipige hesabu kama vile ada yote imelipwa. Piga hesabu ya nusu, ikizidi mshukuru Mungu. Na bumu, yaani hela ya kujikimu ya mkopo, likichelewa (litachelewa), mtoto aliye Mwanza anakula wapi wiki mbili? Hilo nalo ni sifa ya chuo, hakuna anayeliandika.

Mama Vitenge

Nimerudi. Siku nne zimepita, nawapa ripoti kwa sababu mmenipa muda wenu bure.

Cha hapa Dar tulikwenda wenyewe. Tuliteremka Ubungo, tukadaka gari nyingine. Nilifanya kama alivyosema Wakili, nikasimama nje ya geti kwenye kibanda cha chipsi, nikawanunulia soda mabinti wawili wa mwaka wa mwisho. Walinieleza vizuri na hawakukisema vibaya chuo chao. Walisema walimu wanaingia, matokeo yanatoka kwa wakati. Tatizo lilikuja kwa binti yangu mwenyewe. Tukiwa kwenye gari la kurudi, akaniambia, "Mama, nikikaa nyumbani utaniita dukani." Nikataka kukataa. Halafu nikakumbuka kwamba asubuhi ileile nilimwamsha saa kumi na moja tukafungue mzigo wa mteja wa Lubumbashi.

Mwanza na Iringa tulipiga simu. Safari hii aliongea mwenyewe, mimi nilikaa pembeni na karatasi ya maswali. Mwanza simu ilizungushwa mara tatu, kila mmoja akiahidi atatupigia. Iringa ilipokewa na mzee mmoja wa idara ya sheria. Alipoulizwa waliokwenda Sam Nujoma wametoka wangapi, hakusema mazingira tulivu. Alisema, "Subiri nichukue daftari." Tukasikia droo inafunguliwa. Akataja idadi ya waliokwenda, akataja waliopita mara ya kwanza (wachache, hakuficha), waliopita baada ya sapu, na wawili walioacha. Akauliza, "Wewe una nini kwenye English?" Binti akajibu C. Akasema, "Utaandika sana huku." Akakata, nadhani vocha iliisha.

Nilimwangalia mtoto. Alikuwa ameshika simu bado iko sikioni.

Jirani yangu nilimwambia asubuhi. Akasema Iringa ni mbali. Nikamwambia ndiyo, ni mbali.

Ile namba ya siri ya kuthibitisha ilitusumbua kwa sababu wakati wa kuomba alijaza laini ya marehemu baba yake, ambayo naitunza kwenye kitochi dukani kwa ajili ya wateja wa zamani. Ujumbe uliingia saa nne usiku, kitochi kikiwa kimefungiwa ndani ya fremu. Tumelala na wasiwasi. Asubuhi saa kumi na mbili tulikuwa Kariakoo kabla hata ya wasukuma mikokoteni, tukafungua, akaingiza namba, ikakubali.

Sasa naulizia kitu kimoja kwa wanaoijua Iringa. Nimeambiwa baridi yake mwezi wa sita na wa saba si ya mchezo. Blanketi za Mtaa wa Msimbazi nazijua, nyepesi zile. Nimnunulie hukuhuku mbili, au kule mjini zinapatikana nzito kwa bei ya kueleweka?

Wakili Kivuli

Anunue kule kule, mama. Na soksi za sufu. Mwambie anitafute akifika mwaka wa tatu.